Ndoo ya Watu

Watu wa kanisani wanaopenda kufupisha mambo husema Bagula aliponzwa na tamaa ya samaki. Waongo hao. Bagula aliponzwa na adabu, tena adabu nzuri aliyofundishwa na mama yake mzazi, na kama ungekuwa wewe ungefanya vilevile. Basi tulia usikie.

Jumamosi ile aliamka na raha ya mtu asiye na zamu. Wiki nzima alikuwa kiwandani kule Tonawanda, mgongo unamuuma, masikio yamejaa kelele za mashine, na kilichomfikisha Ijumaa ni ahadi moja tu ya rafiki yake Venance: mvua ikikatika, tunaenda mtoni. Mvua ikakatika Alhamisi. Jumamosi saa moja asubuhi Venance alikuwa nje ya nyumba yao ya North Buffalo, anapiga honi mpaka majirani wanachungulia.

Gentille, mkewe Bagula, akafungua dirisha. "Venance! Mutoto analala! Unataka kumuamusha nani na hiyo makelele?"

"Shikamoo shemeji," Venance akajibu akicheka. "Nataka kumwamsha mumeo, huyo mtoto simtaki."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi minane, wa kwanza na wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba mbili kuharibika. Walimpa jina la koko yake, mama yake Bagula: Nzigire. Huyo koko alikuwa Louisville. Familia ilipotoka kambi ya wakimbizi ilishushwa huko, kisha Bagula akafuata kazi ya ghala Columbus, akamwoa Gentille, kisha akafuata kazi ya kiwanda Buffalo. Mama alikataa kumfuata. Alisema amehama vya kutosha maisha mawili, na sasa akiondoka pale basi wambebe. Lakini kila jioni simu ya video ilipigwa, na Nzigire mkubwa akamwona Nzigire mdogo akilishwa uji.

Venance ni Mtanzania wa Bukoba, mfanyakazi wa chuo kikuu kule Amherst, mwenye gari, leseni ya kuvua, na mdomo usiochoka. Njia nzima alikuwa anafundisha. Mto wanaoendea, alisema, ni wa milimani, una kichaa. Mvua ikinyesha huko juu, hata kama wewe chini unaota jua, ndani ya saa moja maji yanakuja mekundu, yamebeba magogo. Halafu yanashuka kwa haraka ileile. Yakishashuka na kuwa na rangi ya chai nyepesi, hapo ndipo trauti, wale samaki wakubwa, wanatoka ziwani na kupanda mto, na samoni wachache waliochelewa. Una siku mbili, tatu. Ukizikosa, rudi nyumbani ukale kuku.

"Na maji yakikuja ukiwa ndani?" Bagula akauliza.

"Unapanda haraka. Njia ni ileile moja tutakayoshukia."

Ilikuwa kweli. Mto ulipita chini kabisa, katikati ya kuta mbili za mawe meusi, na njia ya kushukia ilikuwa moja, ya mteremko mkali, imefungwa kamba mahali pa kushika. Chini palikuwa na mchanga mwembamba, kisha maji, kisha ukuta. Bagula alivaa suruali ya mpira ya kuazima iliyomfika kifuani, akasimama kwenye maji baridi, akarusha ndoano yenye chambo cha manyoya, akarusha tena. Saa tatu nzima hakuguswa. Venance alishapata wawili na anaimba.

Bagula akaona bora ahame. Akafuata mchanga kwenda juu, akapita kona ya ukuta, na sauti ya Venance ikapotea kama redio iliyozimwa.

Hapo kwenye kona palikuwa na jiwe pana, na mbele ya jiwe alisimama mzee. Mzungu, mrefu, ndevu hazijachanwa, amezama mpaka kiunoni. Hakuwa na ndoano wala nyavu. Alikuwa ameingiza mikono yote miwili majini, ametulia. Juu ya jiwe palikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki yenye mkono wa waya.

"Good morning, sir," Bagula akasema, maana Kiingereza chake hakikuzidi sana hapo.

Mzee akatoka majini, akainua ndoo, akaiweka miguuni pa Bagula. Ndani mlikuwa na trauti watatu, mmoja mkubwa, mmoja wa wastani, mmoja mdogo. Bado wanahema. Mzee akaonyesha samaki, akaonyesha kifua cha Bagula. Akaonyesha ndoo, akagonga jiwe kwa kidole mara mbili. Hata asiyejua lugha yoyote angeelewa: samaki chukua, ndoo uirudishe hapa.

Bagula akashukuru kwa mikono miwili, akainama kidogo kama alivyolelewa. Mzee hakutabasamu. Suruali yake, Bagula aliona wakati wa kuondoka, ilikuwa ya kitambaa cha kawaida, na haikuwa na tone la maji.

*

Jioni Gentille alipasua wale samaki jikoni huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na koko yumo ndani ya simu anaangalia.

"Papa Nzigire," Gentille akamwita mumewe. "Hawa samaki walivuliwa na nini? Angalia mudomo. Hakuna kidonda ya ndoano."

"Muzee anawakamata na mikono."

"Na mikono? Mu baridi hii?"

"Bon, mimi nilikuta anafanya hivyo. Pika tukule."

Walikula na ugali, wakalamba vidole, na kichwa cha mkubwa kikawa cha Bagula. Ijumaa iliyofuata, jioni, ndipo swali la ndoo likaja. Gentille alikuwa ameshaisugua, inang'aa. Akaanza kukaanga mandazi.

"Ya nini?" Bagula akauliza, ingawa alijua.

"Donc utamurudishia ile muzee ndoo yake bila kitu? Aseme sisi ni batu ba namna gani?"

Na mle ndani ya simu koko akadakia, sauti yake kavu ya siku zote: "Ndoo ya batu hairudiaka tupu. Hata chumvi kidogo, utie. Mimi tangu nizaliwe sijarudisha chombo ya mutu tupu, hata kwa batu tulikuwa tunagombana nabo."

Ni kweli pia. Kule kwao Kabare jirani akikuletea maharage kwenye sahani, sahani inarudi na viazi. Kambini, ambako hakuna aliyekuwa na kitu, sufuria za watu zilirudi na hata majani mawili ya mboga. Nani asiyejua hivyo? Gentille akatia mandazi kumi na mbili kwenye ndoo. Ili yasikauke akayafunika kwa kipande cha kitenge kilichokuwa karibu, kile cha kumbebea mtoto, kilichochanika pembeni. Kilikuwa kinanuka maziwa na mafuta ya mtoto. Hakuwaza lolote.

Kesho yake, Jumamosi, Bagula aliipeleka. Mzee alikuwa palepale, mikono majini. Akaja kwenye jiwe, akafunua ndoo. Mandazi hakuyagusa. Alichukua kile kitambaa, akakipeleka puani, akavuta pumzi ndefu akiwa amefumba macho. Akavuta tena. Bagula akajisikia vibaya bila kujua kwa nini, akaaga upesi.

Juu barabarani palikuwa na duka dogo la kuuza chambo, la mama mmoja mzee wa Kizungu. Venance aliingia kununua ndoano, na kwa ule mdomo wake akaanza kusimulia habari za mzee wa ndoo. Yule mama akaacha alichokuwa anafanya. Akauliza kitu. Venance akamgeukia Bagula.

"Anasema, uliirudisha tupu?"

"Mwambie hapana. Mke wangu alitia mandazi, akafunika vizuri na kitambaa ya mutoto."

Venance akatafsiri akicheka. Yule mama hakucheka. Alizungumza polepole, mikono ameibana kwenye meza, na kadiri alivyozungumza ndivyo kicheko cha Venance kilivyoisha.

"Anasema watu wa hapa wakipewa ndoo na yule mzee wanairudisha tupu. Imeoshwa, imekaushwa, imegeuzwa kifudifudi. Wanaondoka bila kugeuka nyuma. Wakifanya hivyo mambo yameisha. Anasema ukimtilia kitu ndani, umekubali kupeana naye. Mtapeana mpaka mmoja wenu aishiwe."

"Aishiwe nini?"

Venance akauliza. Yule mama akamwangalia Bagula, si Venance, akajibu neno moja, kisha akaenda kugeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kwamba duka limefungwa. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Venance hakutaka kulitafsiri lile neno mpaka walipofika karibu na mjini. "Amesema watu," akanong'ona.

*

Jumatatu mchana Gentille alifungua mlango wa nyuma kutoa takataka. Ndoo ilikuwa kwenye ngazi. Samaki watatu. Yule mdogo alikuwa amefungwa ndani ya kitenge cha mtoto, amekazwa vizuri, kichwa nje, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Alikuwa hai. Anafungua mdomo, anafumba.

Gentille alipiga kelele mpaka akakauka sauti. Aliporudi ndani mbio, Nzigire mdogo alikuwa amekaa kwenye zulia anacheza na kijiko. Soksi zake zilikuwa zimelowa chapachapa. Zulia lilikuwa kavu.

Bagula alitupa ndoo kwenye pipa la manispaa. Asubuhi ikawa kwenye ngazi, samaki watatu, mdogo amefungwa. Mchungaji alikuja, akaomba kwa nguvu, akapaka mafuta milangoni. Ndoo ikaja. Na kila ilipokuja, mtoto alikutwa amelowa miguu. Hakulia. Hakuwa na homa. Alikuwa wa baridi tu, na nywele zake zilinuka mto.

"Tuondoke hapa," Gentille akasema. "Leo. Sitalala."

Walikwenda Columbus kwa Jolie, dada yake Gentille, safari ya saa tano na kitu. Jolie anakaa ghorofa ya tatu, kibaraza chake kimening'inia hewani, hakuna ngazi ya nje. Siku ya pili mchana binti yake wa miaka sita alikuwa anaangalia katuni. Gentille akamuuliza kwa Kiswahili mtoto yuko wapi. Akajibu kwa Kiingereza, bila kutoa macho kwenye televisheni, kwamba yuko chumbani, na kwamba yule babu wa nje ameleta samaki wake.

Ndoo ilikuwa kibarazani. Safari hii samaki alikuwa mmoja tu. Mdogo. Na chumbani Nzigire alikuwa amelowa mpaka magotini.

Jolie aliwapenda, lakini ana watoto wake. "Munisamehe," alisema huku analia. "Dada, munisamehe."

Wakaenda Louisville, kwa mama. Bagula aliendesha. Kila daraja walilopita aliangalia maji chini yake, na kila maji yalionekana yanaelekea wanakoelekea. Walipofika, koko aliwapokea mlangoni, akamchukua mjukuu wake, akamtia kifuani. Hawakuwa wamevua viatu bado. Kutoka bafuni wakasikia kitu kinagonga, taratibu, plastiki kwenye bafu.

Hakukuwa na samaki. Ndoo ilijaa maji ya rangi ya chai, na kitenge cha mtoto kinaelea juu.

Koko akatoa mkono wake mgongoni kwa mjukuu, akautazama. Umelowa. Mtoto alikuwa amelowa mpaka kiunoni.

"Inapanda," Gentille akasema kwa sauti ndogo. "Papa Nzigire, maji inapanda."

Hakuna aliyemuuliza ikifika mdomoni itakuwaje.

*

Bagula akaeleza yote tena mbele ya mama yake, kila neno la yule mama wa duka. Tupu. Safi. Kavu. Kifudifudi. Usigeuke. "Nitairudisha mimi mwenyewe," akasema. "Sitamupa kitu. Nitamurudishia ndoo yake tupu."

Koko alimlaza mjukuu wake mapajani. Mwanamke huyo alikuwa na miaka sabini na moja. Alizika mume, akazika watoto watatu, akavuka mipaka kwa miguu. Hakuwa mtu wa kushtuka.

"Ile muzee," akauliza, "anamujua mutoto kwa nini? Kwa sura?"

"Hajamuona, mama. Ni kwa harufu ya kitambaa."

"Na jina?"

"Sijue. Labda na jina."

"Mm," koko akasema. Basi.

Alfajiri Bagula alikuta ndoo imeshaoshwa na kukaushwa, iko mlangoni. Mama yake alikuwa amekaa chini kando yake, kichwa wazi, jambo ambalo Bagula hakuwahi kuliona tangu utoto. Alikuwa amechana utepe kutoka kwenye kitambaa chake cha kichwa, anauzungusha kwenye mkono wa ndoo.

"Unafanya nini, mama?"

"Waya itakukata vidole. Njia ni ndefu." Akafunga fundo lake, lile la mkono wa kushoto lenye ncha iliyorudishwa ndani, lililofunga mizigo yao yote kutoka Kabare mpaka kambini. Akalikaza kwa meno. "Ndani iko tupu. Angalia mwenyewe."

Bagula akaangalia. Tupu.

"Enda, mutoto yangu. Na usigeuke."

Aliendesha kwa saa nane. Venance alimsubiri pale juu ya mteremko, kamba mpya begani, uso umemwiva kwa baridi. Alionyesha upande wa juu wa mto. Mbingu kule ilikuwa nyeusi.

"Kaka, inanyesha huko. Subiri kesho."

"Kesho mutoto yangu atakuwa amelowa mpaka wapi?"

Venance akaishusha kamba begani. Akaifunga kwenye mti, akamshikisha ncha.

Bagula akashuka. Maji bado yalikuwa madogo, yanasema chini chini. Akafuata mchanga. Akapita kona. Jiwe lilikuwepo. Mzee hakuwepo.

Akaangalia ndani ya ndoo. Palikuwa na maji, kiasi cha kijiko.

Akamwaga. Akafuta kwa taulo. Akaangalia. Maji tena, kijiko. Akafuta. Maji. Akavua koti, akavua shati, akafuta kwa shati mpaka mikono ikawaka moto, na kabla hajavuta pumzi nyingine akaigeuza ndoo kifudifudi, akaikandamiza kwenye jiwe.

"Chukua yako," akasema kwa Kiswahili. "Mimi sina kitu tena ya kukupa."

Akageuka kurudi. Na hapo akausikia mto.

Ulikuja kwa kishindo. Maji mekundu, mapana ukuta kwa ukuta, yamebeba matawi. Mchanga ukapotea. Njia ikapotea. Bagula akabandika mgongo kwenye mawe na kusogea kidogo kidogo kuelekea konani, vidole vinatafuta pa kushika. Maji ya vifundoni. Maji ya magoti. Kamba aliiona, hatua thelathini tu mbele, inacheza juu ya maji. Hakuweza kuifikia. Maji ya kiuno. Mbele ni maji. Nyuma ni jiwe na kile kilichokuwa kimekuja kusimama penye jiwe, maana alisikia plastiki ikiinuliwa.

Kisha nyuma yake mtoto akalia.

Alikijua kilio hicho. Ni kile cha kuamka na kukuta chumba hakina mtu. Akauma meno. Akasogea. Maji ya kifua.

"Papa," mtoto akasema.

Nzigire alikuwa bado hajui kusema neno lolote. Bagula alijua hivyo. Shingo yake haikujua. Ilianza kugeuka yenyewe, kidogo, kidogo tena, na kwenye pembe ya jicho akaona kitu cheupe.

Hapo mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mwanamke mzee.

"Bagula," sauti ya mama yake ikasema, karibu kabisa, nyuma ya sikio. "Nilikuambia usigeuke. Enda."

Kilio kikakatika.

Na mto ukashuka. Hivihivi tu. Kifua, kiuno, magoti, mchanga. Bagula akatembea hatua thelathini, akashika kamba, akapanda bila kutazama chini. Venance alimvuta hatua za mwisho kwa mikono yote miwili, analia waziwazi. Alikuwa amevua mto ule miaka sita. Alisema hajawahi kuuona unashuka kwa dakika moja.

Simu ilishika mtandao walipofika barabarani. Gentille alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Mutoto?" Bagula akasema.

"Mutoto iko muzima. Iko mukavu, iko na joto, anacheka. Lakini, Papa Nzigire..." Akashindwa. Akaanza upya. "Mama alikuwa amekaa mu kiti, amemubeba. Yapata saa nane ya mchana. Akanipa mutoto, akasema mushike vizuri. Akakohoa. Akasema jina yako, akasema nilikuambia usigeuke. Nilifikiri unamupigia simu. Nikamuangalia, amelowa. Kutoka kichwa mpaka miguu, maji inatiririka, na chini ya kiti ni kukavu. Donc nikamuita. Nikamuita, Papa Nzigire. Hakuitika tena."

Bagula alikaa chini pale kando ya barabara. Akaangalia kiganja chake cha kulia. Hakikuwa na alama yoyote ya waya. Ndani ya ndoo palikuwa patupu, aliapa na bado anaapa. Mkono wa ndoo ndio haukuwa mtupu. Ulikuwa na harufu ya Nzigire mkubwa, na jina lilelile la Nzigire, na yule aliyeufunga alijua sana anachofanya.

Walimzika Louisville. Wanawake waliomwosha walisema walikuta mchanga mwembamba katikati ya vidole vya miguu, wa rangi nyeusi. Walisema walipouosha ulirudi.

*

Baridi ikapita. Bagula na Gentille walirudi Buffalo, kazi ni kazi. Nzigire mdogo akatembea, akaota meno, akasema neno lake la kwanza, na lilikuwa la Kiswahili. Hakulowa tena.

Siku moja ya mwezi wa tano, Jumapili asubuhi, wote wamevaa nguo za kanisani, Bagula alifungua mlango wa nyuma. Ndoo nyeupe ilikuwa kwenye ngazi. Kifudifudi.

Gentille alimvuta mtoto ndani, akamfunika kwa mwili wake. Bagula akaigeuza ndoo kwa ncha ya kiatu. Ndani hapakuwa na kitu. Imeoshwa. Imekaushwa. Akapitisha kidole chini kabisa kutafuta hata tone moja, akakosa.

Kisha akauona mkono wa ndoo. Ule utepe wa kitambaa ulikuwepo. Umefuliwa, bado mbichi, umefungwa upya kwa fundo la mkono wa kushoto, ncha imerudishwa ndani.

Akapiga magoti pale kwenye ngazi na suti yake ya kanisani, akalia kama ambavyo hakulia msibani. Mama yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kurudisha chombo cha mtu kitupu, alikuwa amekirudisha kitupu.